Rangi ya Waridi kwenye Mnara wa Kallimunai

Saa moja asubuhi Rosammal alikuwa keshafunga sari yake kiunoni, kavaa juu yake shati la mumewe lililojaa matone ya rangi, na anakagua kamba za ubao wa kuning'inia, ule anaokalia mpakaji akiwa juu. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Marehemu baba yake aliupaka rangi mnara wa taa wa kijiji cha Kallimunai kwa miaka ishirini, na urithi aliomwachia binti yake ulikuwa kamba zile na tabia ya kutoziamini.

Chini, wifi yake Kanikkai alikuwa anahesabu ndoo za rangi.

"Tatu, wifi. Hata nikianzia mwisho, ni tatu."

"Hesabu na hiyo unayokalia."

"Ninayokalia ndiyo ya tatu."

Karatasi ya kazi ilisema ndoo thelathini. Zilizofika ni kumi na nne. Zile kumi na sita zilipotelea njiani, na kijiji kizima kilijua kwamba njia hiyo inapita nyumbani kwa Bwana Natarajan, afisa msimamizi kutoka wilayani. Kwa siku tano wanawake hao wawili walikuwa wamepaka upande wa barabarani, wakiifunika mikanda minene myeusi na myeupe kwa rangi ya waridi, kwa kuwa waziri alikuwa anakuja keshokutwa, na mkubwa fulani ofisini alisema watalii hupenda kupiga picha penye waridi. Leo ilikuwa zamu ya upande wa baharini.

Upande huo ndio uliomkosesha raha Rosammal. Kallimunai yote ilivua kwa mikanda ile. Huko nje mvuvi huusogeza mtumbwi mpaka ukanda mweusi wa pili ukae sawa na paa la kanisa, na hapo chini yake ndipo ulipo mwamba wenye changu. Wenye mashine za satelaiti walikuwa wanne tu, matajiri wa maboti makubwa. Mnara ukiwa waridi mtupu, wengine wote wangerudi na maji kwenye vikapu. Naye Rosammal akikataa, Natarajan angeleta mafundi wa mjini wakapaka bila kuuliza, na ujira wa siku sita, usiotoka bila sahihi ya afisa, ungeota mbawa.

Natarajan alifika saa mbili kwa pikipiki. Hakuizima.

"Bado tu?"

"Tuna ndoo tatu, bwana mkubwa. Na upande mzima umebaki."

"Changanya na mafuta ya taa. Rangi ikiwa nyepesi itaenea."

"Mafuta nanunua mimi?"

"Kwani fundi ni mimi?" Akatazama saa yake. "Narudi saa kumi. Nataka nikute ndoo tupu na mnara wa waridi, la sivyo sisaini kitu."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bei ya mafuta ya taa ilikuwa imepanda mara mbili tangu Pasaka, na sasa bwana huyu alitaka fundi ayamwage ukutani kwa pesa yake mwenyewe.

Wavuvi walikuwa wameanza kurudi. Savari, mumewe Rosammal, alitua kikapu mchangani akaukodolea macho ule ubao.

"Mama Filomina, ukiupaka upande wetu, mwamba nitautafuta kwa kunusa?"

"Pua si unayo, tena kubwa."

"Kubwa, ila haijasoma."

Wenzake wakacheka. Savari alicheka kidogo tu. Alikuwa na hofu, na Rosammal alimpenda kwa jinsi alivyoshindwa kuificha.

Velayudham, mtunza taa, akaja na glasi za chai. Kitabu cha manahodha kilisema mnara huu ni mweusi na mweupe, na alikuwa ameandikia makao makuu barua tatu kuwakumbusha.

"Wamekujibu?" Rosammal aliuliza.

"Wamejibu kwamba barua zimepokelewa."

Rosammal alikunywa chai yake taratibu, akiyarudia kichwani maneno ya afisa. Kisha akautazama ua uliouzunguka mnara.

"Bwana Velayudham, ukuta huu wa barabarani ulipakwa lini?"

"Kabla sijahamishiwa hapa."

"Na choo?"

"Choo hakijawahi kuona rangi."

"Basi leo kitaiona. Bwana mkubwa anataka ndoo tupu."

Kanikkai alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na wa kwanza kuchovya brashi. Walipaka ukuta, geti, bomba la maji na choo ndani na nje. Savari na wenzake wakashika mifagio ya chelewa wakapaka viti vya mawe mara mbili mbili. Mbuzi wa jirani alijisugua getini akaenda zake na ubavu wa waridi. Saa tisa ndoo zilikuwa tupu, na ubao wa kuning'inia haukuwa umepanda hata pima moja.

Saa kumi Natarajan alisimama barabarani, akautazama mnara akatabasamu. Kisha akauzunguka.

"Hii nini?"

"Rangi imeisha, bwana mkubwa. Tumetanguliza atakapopita waziri."

"Nilikwambia uchanganye."

"Niliogopa. Rangi nyepesi juu ya nyeusi huonyesha, kama petikoti chini ya sari ya harusi. Watu wataanza kuuliza ndoo thelathini zimekwenda wapi." Rosammal alisema kwa upole, kama anayemuulizia mgonjwa. "Zile kumi na sita zikifika kesho, tunamaliza."

Savari na wavuvi walikuwa wamesogea, wengi kuliko ilivyohitajika. Natarajan aliwatazama, akatazama mnara, halafu akaitazama bahari, pengine kwa mara ya kwanza.

"Waziri hapandi mtumbwi," alisema hatimaye.

"Hapandi, bwana mkubwa," Velayudham aliitikia upesi.

Natarajan akatoa karatasi. "Saini hapa. Umepokea ndoo thelathini, zote zimetumika."

Rosammal aliisoma karatasi mara mbili. Baba yake hakuwahi kuweka jina lake chini ya uongo. Lakini asiposaini, mafundi wa mjini wangefika kesho. Aliliandika jina lake herufi moja moja, kama masista walivyomfundisha, na Natarajan naye akasaini ujira wao.

Walirudi nyumbani kwa njia ya ufukweni, mikono waridi mpaka viwikoni.

"Wifi," alisema Kanikkai, "ndoo kumi na sita hazipo, nawe umeandika zipo. Siku ukifika kwenye mlango wa mbinguni, utamwambia nini Mtakatifu Petro?"

"Petro ni mvuvi," alisema Rosammal. "Nitamwambia autazame mnara kutoka baharini."