Gego Namba Sita

Fundi wa maabara ya meno alikuwa amemaliza kuunda mashine yake, na sasa mashine haikuwa na cha kutafuna.

Ilimchukua miezi minne. Mota aliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, mikono sita aliichonga mwenyewe kwa shaba, na chini ya kila mkono aliweka kikombe cha kushikilia kipande cha utando. Utando wenyewe ni ule ambao madaktari wa meno huwapaka watoto juu ya magego, kuziba vijifereji ambamo mabaki ya chakula hujificha na kuozesha jino. Mtoto aliyepakwa hutafuna nao kila siku, huku sehemu nyingine ya kinywa chake ikiwa bado na meno ya utoto. Daktari wa kliniki, aliyemwagiza fundi mashine hiyo, alitaka kujua ni utando gani unaodumu ukisuguana na meno hayo. Alikuwa na aina tatu: mwepesi, wa kati, na mzito uliochanganywa na unga laini wa kioo. Mashine ingeshika jino, ilikandamize juu ya utando na kulisugua mara laki mbili bila kupumzika. Kwa umbo lake na kelele zake, fundi aliiita Mlafi.

"Nataka magego ishirini na manne," daktari alimwambia. "Ya utoto, yaliyong'oka yenyewe, mazima. Lenye tundu silitaki."

Daktari alikuwa mdogo kuliko binti wa kwanza wa fundi, lakini akitaka jambo hakuwa na mzaha. Alibandika tangazo kwenye mlango wa kliniki. Mwezi mzima ukapita, wakapata magego matatu, na moja lilikuwa na tundu la kupitisha sindano.

Fundi alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka kumi, waliyemwita Cheche, ambaye kila alasiri alishinda kwake akimsubiri mama yake atoke kazini. Siku hizo Cheche alikuwa na gego linalolegea. Alilisukuma kwa ulimi akisoma, akifagia, hata akisali.

"Babu," alisema siku moja bila kuinua macho kwenye daftari, "mbona unaliangalia jino langu kama umeliwekea oda?"

"Nakuangalia wewe."

"Hapana. Unaangalia jino."

Fundi akakosa pa kujificha. Akamweleza habari yote, utando, Mlafi na upungufu wa magego. Cheche alisikiliza huku jino likienda mbele na kurudi nyuma.

"Kwa hiyo litaajiriwa," alisema mwishoni.

"Tuseme hivyo."

"Basi na mimi nitakuja kulitembelea kazini. Siwezi kumtoa mtu nyumbani nisijue anakofanya kazi."

"Jino si mtu, mjukuu wangu."

"Haya. Subiri lako ling'oke."

Fundi, ambaye meno yaliyombakia aliyachunga kama mboni ya jicho, akasalimu amri.

Gego lilitoka baada ya siku mbili, ndani ya kipande cha mkate. Kabla ya kumpa babu yake, Cheche alilipeleka shuleni na kulisimulia kwa chumvi nyingi: kwamba kuna mashine inayotafuna usiku na mchana, na kwamba bila meno ya darasa lao madaktari wamekwama kabisa. Mwalimu wao alikwenda maabara kuhakikisha kwamba hadithi ile haikuwa ya kutungwa. Aliporudi aliwaandikia wazazi barua ya kuomba ridhaa.

Hapo ndipo mafuriko yalipoanza. Magego yalikuja ndani ya viberiti, vifuniko vya kalamu, na soksi moja ya mtoto mchanga. Mvulana mmoja alileta jino la mbwa na akaapa kuwa ni la dada yake. Daktari aliligeuza mara mbili kwenye kiganja chake, akamuuliza kwa upole kama dada huyo hubweka, na mvulana akajibu kwamba hubweka akikasirika. Yalipochambuliwa, yaliyofaa yalikuwa ishirini na saba. Fundi aliyaosha, akayaloweka kwenye dawa, akayapa namba. La Cheche likawa namba sita, akalifunga kwenye mkono wa sita, juu ya utando mzito.

Darasa zima lilikuja siku ambayo duru ya kwanza ilikuwa inakaribia kumalizika. Watoto thelathini na mmoja walijipanga kuizunguka meza, na kwa mara ya kwanza tangu mwalimu awafahamu, wakanyamaza. Mlafi alipanda na kushuka, maji ya uvuguvugu yakidondoka juu ya kila jino kama mate. Kihesabio kilipofika mia moja za mwisho, mtoto mmoja alianza kuhesabu kwa kunong'ona, mwingine akadakia, na walipofika kumi za mwisho vioo vya madirisha vilitetemeka. Mashine ikasimama. Makofi yalipigwa mpaka fundi akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza, kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa, naye hakutaka maswali.

Daktari alipima vipande vya utando kimoja kimoja. Ule mwepesi ulikuwa umechimbika. Ule mzito ulikuwa unang'aa kama siku ulipowekwa.

"Tumempata mshindi," alisema.

Cheche alikuwa amepewa ruhusa ya kuliangalia jino lake kwenye hadubini. Alikaa juu ya stuli, jicho moja amelifumba, akakawia hapo muda mrefu.

"Babu, jino langu limenyolewa."

"Limefanyaje?"

"Kichwa kimekuwa bapa. La jirani yake halijawa hivyo."

Fundi akainama, akaangalia. Akaangalia la tano, lililokuwa juu ya utando wa kati, akarudi la sita. Kisha akamwita daktari, akampisha. Utando mzito haukuwa umelika kwa sababu wenyewe ndio uliokuwa unakula. Katika mpango wa utafiti, daktari alikuwa ameandika atapima utando peke yake. Meno aliyahesabu kuwa vyombo tu.

Alinyanyuka taratibu. Fundi alidhani amekasirika, maana mbele ya watoto wale wote alikuwa ameshamtangaza mshindi. Badala yake alicheka, kicheko cha mtu aliyeipata miwani yake juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Nilikuwa naangalia upande mmoja wa kinywa," alisema. "Fundi, tunaanza upya. Kila jino tulipime kabla na baada."

"Hilo la Cheche je?"

"Hilo ndilo lililotufundisha. Litaandikwa peke yake."

Walianza upya kwa magego ishirini na manne mengine, maana shule ya jirani ilishapata habari na ilikuwa inaona wivu. Ilipofika mwisho wa muhula, majibu yalitoka: kati ya aina zile tatu, ule wa kati ulilika kidogo na kulihurumia jino. Daktari alikwenda mwenyewe kuwaeleza watoto, akabeba vichupa vyenye namba ili kila anayetaka arudishiwe chake. Wengi walivipokea kwa mikono miwili. Mvulana wa jino la mbwa naye alirudishiwa lake, akalipokea kwa heshima zote.

Cheche alikishika kichupa chake juu, kwenye mwanga wa dirisha.

"Daktari, huu upande mwingine bado mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi bado halijafika umri wa kustaafu." Akamrudishia.

Jumatatu asubuhi fundi aligeuza gego namba sita, akalikaza kwenye mkono wa shaba, safari hii juu ya utando wa kati. Akafungua maji, akasubiri yapate uvuguvugu, akawasha Mlafi.