Sifuri ya Ijumaa

Mzee Faraji hakuwa mtu wa kuambiwa kapima vibaya. Miaka kumi na tisa alipima gesi kwenye kiwanda cha serikali pale Chang'ombe, na walipompunguza kazini, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, aliondoka na kiinua mgongo kiduchu na mashine moja ya kupimia aliyoinunua mnadani. "Bosi wangu sasa ndiye huyu," alikuwa akisema, akiigonga mgongoni.

Ijumaa hiyo alikuwa na kazi yake ya kwanza ya kujitegemea, kwenye kiwanda cha mikate cha Bwana Matar, Tandika. Jenereta lilinguruma ndani, nyuma ya chumba cha kufungia mikate, na wasichana wa mle walilalamika kuumwa kichwa, hasa Naima, binti wa Faraji mwenyewe. Bwana Matar aliona wanategea tu. Alishasema waziwazi: mashine ikionyesha hewa ni salama, anayeumwa kichwa akae kwao.

Asubuhi Faraji aliisawazisha mashine chumbani kwake. Kazi yenyewe ina hatua mbili. Kwanza unaipa hewa safi na kuiweka sindano kwenye sifuri. Kisha unaipulizia gesi ya moshi kutoka mtungi mdogo ulioandikwa mia, unazungusha skrubu mpaka isome mia. Sifuri ilikaa vizuri. Mia ikagoma. Sindano iliishia sitini, naye akazungusha skrubu, akazungusha tena, mizunguko miwili mizima, wakati siku zote huwa robo tu.

"Uzee huo," akaiambia mashine. "Hata mie magoti yananigomea."

Pembeni mkewe Salma kafunga madirisha, makaa yamewaka kwenye chetezo, anaifukiza udi kanzu ya Ijumaa. "Vaa," alisema, "uende ukaonekane mtu mbele za watu."

Naima alimpokea mlangoni kiwandani. "Shikamoo baba. Mh! Leo unanukia, mama kakufukiza haswa." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Faraji aliwasha mashine katikati ya meza za mikate. Aliwaeleza kwamba mpaka wa hatari ni hamsini. Sindano ikapanda taratibu, ikatulia kwenye thelathini.

"Salama," akasema.

"Baba, mie kichwa kinaniuma kweli."

Wenzake wote walikuwa wanasikiliza, Bwana Matar naye kakunja mikono, na aibu ikampanda mzee wa watu. "Acha kudeka, Naima. Mashine haina upendeleo."

Jamani, neno hilo! Naima alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani na kutoka. Bwana Matar hakumzuia.

Faraji naye akatoka kwa mlango mwingine, hadi kando ya barabara, upepo unavuma. Akainama kuizima mashine. Sindano ilikuwa chini ya sifuri, imegota kabisa ukingoni. Akaigonga. Haikusogea. Hewa gani hiyo iliyo safi kuliko safi?

Upepo ukaipeperusha kanzu, harufu ya udi ikamjia puani. Makaa! Sifuri ile aliiweka kwenye moshi wa makaa ya Salma, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mashine ilidhani ule moshi ndio hewa safi. Skrubu ilimwambia tangu asubuhi, yeye akaifanyia mzaha.

Angeweza kwenda zake msikitini. Nani angejua? Jina lake la kazi ndiyo kwanza linachipua. Lakini yale macho mekundu hayakumtoka. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe, akaweka sifuri upya, akafungua mtungi aliokuja nao, akairudisha skrubu karibu yote.

Akarudi ndani. Safari hii chumba kilisoma hamsini na nane.

"Zimeni jenereta," alisema. "Tokeni nje nyote. Nimekosea. Sifuri niliiweka kwenye moshi wa chetezo."

Bwana Matar alimtazama, kisha akanusa mkono wa kanzu yake mwenyewe. "Hata kwangu leo wamefukiza," akasema polepole, akaenda mwenyewe kulizima. "Likahamishwe uani leo hii. Na binti yako arudi."

Naima alikuwa amekaa kwenye jiwe nje ya geti. Faraji akakaa chini kando yake.

"Mwanangu, hukuwa unadeka. Nilipima vibaya, halafu nikakuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Naima aliyatazama magoti ya ile kanzu, meusi kwa vumbi na oili ya barabarani.

"Mama atakuua," akasema mwishowe, akaanza kumpangusa kwa kiganja, huku analia.