Mama Aliyeambiwa Asogee

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1996, Merina alikuwa ufukweni Katonga akigeuza dagaa juu ya mchanga. Jua lilikuwa limeshapanda, na dagaa wa juu walikuwa wameanza kukakamaa. Binti yake Honorata, wa darasa la kwanza, alisimama majini akiosha beseni. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Hakwenda shule siku ile kwa sababu madarasani walikuwa wamelazwa wakimbizi.

Mitumbwi ilikuwa ikishusha watu tangu alfajiri, watu wa ng'ambo waliokimbia vita ya Kongo, na magodoro yao, na kuku, na wagonjwa. Babu yake Merina naye alivuka kutoka ng'ambo hiyo hiyo zamani, akajenga Katonga, akazikwa Katonga. Kwa hiyo Merina aliwaelewa wageni wanavyosema. Aliwapa maji ya kunywa, akarudi kwenye dagaa wake. Mume wake, Yakobo, alikuwa amezama ziwani miaka ya nyuma, kwa hiyo dagaa wasipogeuzwa na yeye hakuna mwingine wa kuwageuza.

Ndipo akaja mpiga picha, mtu wa shirika la misaada, pamoja na dada mmoja wa Kigoma mjini aliyekuwa anamtafsiria, jina lake Agnesi.

"Habari za kazi, mama."

"Nzuri, dada. Karibuni."

"Mgeni wetu anaomba kumpiga picha huyu mtoto."

Merina aliona ni heshima. Kwao picha si mchezo. Picha inatundikwa sebuleni, na siku ya msiba inatolewa iwekwe mbele ya watu, kwa hiyo mtu hapigwi picha meno yakiwa nje kama amelewa. Akamfuta Honorata uso kwa ncha ya kitenge, akamnyoosha kola.

"Usicheke," akamwambia. "Simama kama mtu."

Honorata akasimama kama mtu. Merina akasimama kando yake, akamshika mkono. Mpiga picha akasema neno.

"Anasema usogee kidogo, mama," akasema Agnesi.

"Hivi?"

"Kidogo tena."

Merina akasogea mpaka kwenye dagaa. Picha ikapigwa. Mtoto akapewa biskuti, na Merina akasema asante. Wewe mama unayesoma, shika hapo. Hakuibiwa mtu, hakupigwa mtu. Aliombwa vizuri, akasogea, akasema asante.

Mwaka uliofuata, kabla ya mvua za masika kwisha, pindo la gauni la Honorata likaacha kukauka. Merina alilianika juani kutwa nzima, likabaki linachuruzika. Akamvalisha gauni jingine, nalo likalowa. Baadaye ikawa kila anaposimama mtoto, maji yanamzunguka miguu mpaka kwenye vifundo. Mwalimu wake, Telesphory, alimhamishia dawati la karibu na mlango ili maji yatoke nje.

"Sina ugomvi naye, mama," akamwambia Merina. "Anajua kusoma. Ila madaftari ya wenzake yanaloa."

Merina akaanza kumtandikia gunia chini ya kitanda.

Siku chache baadaye akaja Mzee Amuri kutoka Ujiji. Huyu alikuwa na duka dogo la mafuta ya taa, lakini watu walimjua zaidi kwa postikadi. Alikuwa nazo za kila upande wa dunia: milima yenye theluji, madaraja, ngamia, malkia juu ya farasi. Alizitunza ndani ya makopo ya biskuti yaliyofungwa vizuri, kwa ajili ya mchwa. Alibadilishana kwa posta na watu wenye maradhi kama yake huko Ulaya na Bara Hindi. Wao wanamtumia moja, naye anawatumia moja. Ukikaa naye atakueleza kwamba zamani upande wa nyuma wa postikadi ulikuwa wa anwani peke yake, ilikatazwa kuandika kingine, ndiyo maana kadi za kale zina salamu zilizobanwa pembeni mwa picha, hata juu ya vichwa vya watu. Wenye picha hawakuulizwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeletewa hii na rafiki yangu wa ng'ambo za mbali. Nikasema huu si mchanga wa Katonga?"

Merina akaitazama. Alikuwa Honorata, majini, hana tabasamu, hana mtu. Ziwa lilikuwa limejaa nyuma yake mpaka juu ya kadi.

"Kapendeza," akasema Merina. "Hapa chini wameandika nini?"

Mzee Amuri akasoma taratibu, akitafsiri. "Mtoto mkimbizi, Ziwa Tanganyika. Wazazi wake wote wamekufa maji."

Merina akakaa juu ya kinu. "Baba yake ndiyo. Mimi niko hapa."

"Na bibi yangu alikuwepo."

Akamweleza, maana alikuja kwa ajili hiyo. Bibi yake, Mwanaima, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi Ujiji enzi za Wajerumani. Alikuwa na nyumba yake na watu wa kumbebea mizigo. Siku moja amechoka, amekaa juu ya mzigo wa chumvi kupumzika, akapita Mjerumani na kamera. Kadi ikachapwa kwao, na chini yake wakaandika: mjakazi wa Ujiji. Tangu kadi zilipoanza kusafiri, bibi akawa anakaribishwa mlango wa nyuma. Arusini alikalishwa na wapishi. Nyumba ikachukuliwa na mtu aliyesema mjakazi hamiliki nyumba. Alikufa hivyo, na hakutulia. Mpaka leo huja kwa mjukuu wake kila magharibi, mwili mzima rangi ya kahawia kama kwenye kadi, anakaa kwenye mkeka na kuuliza, "Bado zipo?" Naye mjukuu humjibu, "Zipo, bibi." Kila Amuri akipata moja kwa kubadilishana, anayakwangua yale maneno na kuandika jina la Mwanaima, na mahali fulani kwenye mwili wa bibi pananawiri kidogo. Mpaka hapo walikuwa wamepata uso na mkono mmoja.

"Kwa hiyo nisikae," akasema Merina.

"Usikae, mwanangu. Za bibi zilikwenda kwa meli. Hizi zinakwenda kwa ndege."

Merina alikwenda mjini kesho yake kumtafuta Agnesi kwenye ofisi ya lile shirika. Njiani aliona mambo yamekwisha kuanza. Aliwasalimia "mwakeye" wanawake wa Kiha waliokuwa wanashusha mihogo, watu wanaomjua kwa miaka, wakatazamana tu, mmoja akajifunga khanga vizuri kama mtu aliyepitiwa na baridi. Agnesi peke yake ndiye aliyeinuka kwenye kiti akampokea, kwa sababu alikuwepo siku ile na alimwona kwa macho yake.

"Andikeni ukweli," Merina akamwambia. "Sisi si wakimbizi. Mimi sijafa."

Agnesi akafunga mlango. "Mama, nilimwambia yule mpiga picha. Nilimwambia huyu mtoto ana mama yake. Akasema walioandika wako Ulaya, wameiona tu ile sura." Akajikuna shingo. "Ule uso wa mtoto, mama. Wanasema hawajaona huzuni kama ile."

"Haikuwa huzuni. Nilimwambia asicheke."

"Najua. Lakini kwa uso ule watu wamechanga. Wamenunua mablanketi. Kule kambini shule imeezekwa bati. Sasa nikisema mama yake yuko Katonga anauza dagaa, hawatachanga tena. Utawavua blanketi wale?"

Merina alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na wale wa kwenye mitumbwi alikuwa amewaona.

"Basi msifute," akasema. "Ongezeni tu chini. Andikeni: mama yake alisogea pembeni."

"Hakuna nafasi, mama," akasema Agnesi kwa huruma kweli. "Kadi yenyewe ni ndogo."

Aliporudi Katonga alikuta wanawake wa jumuiya wamefika kwake na unga na kuni, wametandika mikeka uani. Walikuwa wamekuja kumlilia. Gervasi, kaka wa marehemu Yakobo, alikuwa anapokea watu mlangoni. Sufuria zilikuwa chache na moto ulikuwa unazimika, kwa hiyo Merina akaingia jikoni akawapikia. Wakala, wakasifu ugali. Mama mmoja akasema, "Marehemu alikuwa mkarimu," na mwenzake akamjibu, "Alikuwa mkarimu, ila dagaa wake walikuwa na mchanga." Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Merina naye akataka kujibu kwamba mchanga ni wa kila mtu, akaona haina haja.

Honorata bado alikuwa anamwona. Alikula kando yake, maji yakiwazunguka wote wawili, lakini watu walikuwa wakimpa pole na kumkumbatia. Mtoto akipewa pole sana huanza kujiuliza.

"Mama, wewe umekufa?"

"Hapana. Kula."

"Shangazi amesema umekufa."

"Nami nakwambia nipo. Unamwamini nani?"

Honorata akala.

Lori likaja wiki ile. Ilikuwa imetoka amri kwamba wakimbizi wote waliomo mjini na ufukweni wapelekwe kambini. Afisa aliyeshuka alikuwa na postikadi mkononi. Aliilinganisha na mtoto, akatazama maji yaliyomzunguka miguu, akaridhika.

"Huyu kazaliwa hapa Katonga," akasema Merina. "Waulize hao wote."

Afisa hakumjibu, ila alivua kofia, maana alikuwa mtu aliyelelewa vizuri na alijua kuheshimu marehemu. Akamuuliza Gervasi. Gervasi aliitazama kadi. Jina la babu yake Merina lilikuwa la ng'ambo, lafudhi ya nyumba ile ni ya ng'ambo, na mwezi uliopita majirani wawili walikuwa wamepandishwa lori kwa kubisha tu.

"Kama imeandikwa," akasema Gervasi, "mimi nitabishana na Ulaya?"

Merina alimshika Honorata mkono. Afisa akamshika mkono wa pili, akamvuta bila nguvu nyingi, kama mtu anayemvuta mtoto aliyejishika kwenye hewa. Kidole cha mwisho kikaachia. Lori likaondoka likiacha mchirizi wa maji mpaka barabara kuu.

Mzee Amuri aliandika kwa wabadilishanaji wenzake wote, akitoa milima yake ya theluji na ngamia wake ili wamrudishie Honorata. Chache zilirudi, wakazikwangua pamoja. Kabla mwaka haujaisha kadi zikachapwa tena kwa ajili ya Krismasi, kubwa zaidi, za rangi nzuri zaidi, na nafasi iliyoongezeka wakaijaza ziwa.

Merina anauza dagaa bado. Wanunuzi wanachukua fungu na kuweka pesa juu ya gunia, kwa adabu, bila kubishania bei. Anapopata wasaa anapanda gari la kwenda Kasulu. Kondakta hamdai nauli. Anashuka kwenye njia panda, anatembea mpaka kambini. Walio hai wanahitaji kibali kuingia, na kibali cha mama hawezi kupata kwa sababu mtoto yule hana mama. Lakini magharibi mlinzi anainua ubao wa lango na kuwapitisha marehemu bila kuwauliza kitu. Wapo wengi jioni. Merina anaingia pamoja nao, wametoka Baraka, wametoka Uvira, huko Kongo, wengine bado wana risasi mwilini, nao wanamsalimia kama mwenzao.

Honorata yuko kwenye hema la mayatima, karibu na ile shule ya bati. Amekuwa mrefu, na anasema Kirundi na wenzake waliotoka Burundi. Mlezi wa hema, Mama Mariana, akimwona Merina hutandika mkeka.

"Rata, marehemu wako kaja."

"Karibu, mama," anasema Honorata, na kuamkia vizuri.

Merina anamsuka. Anamuuliza masomo, anamuuliza kama kikohozi kimeisha. Honorata anajibu yote. Kisha naye anauliza, "Unakaa wapi siku hizi, mama?"

"Katonga. Nyumbani kwetu. Kitanda chako kipo."

"Ndiyo, mama," anasema Honorata, kwa sauti ya upole ambayo watoto wa hema lile wamefundishwa kuwasemesha nayo wazazi wasiojua kwamba wamekufa.

Mara ya mwisho alipokwenda, chakula cha jioni kilikuwa ugali na maharage. Honorata alinawa. Kabla ya kula akamega tonge, akalichovya mchuzini, akaliweka chini, pembeni mwa mkeka, penye udongo, kama inavyofanywa kwa ajili ya walioondoka. Halafu akageuka upande wa wenzake akaanza kula.

Merina hakuwa ametia kitu tumboni tangu Katonga. Akaliokota lile tonge, akalipuliza mchanga, akala.