Ajenda ya Mwisho, Mengineyo

Jana usingizi uliponichukua niliota nimo kwenye kikao cha kamati ya harusi yangu, na mwenyekiti alikuwa kiti. Kiti cha plastiki, cheupe, chenye sauti ya baba mdogo Rwekaza, mwenyekiti wetu wa siku zote. Hakuna aliyeshangaa.

"Ajenda zimekwisha," kikasema. "Yamebaki Mengineyo."

Tunafungua Mengineyo. Ndani yake mna ajenda moja: Mengineyo. Tunaifungua nayo. Wajumbe wazoefu wamekuja na mito ya kulalia.

Mchumba wangu Kemilembe amesimama mlangoni na gauni lake la harusi. "Kikao kisipoisha leo," ananiambia, "gauni nalirudisha dukani, na wewe nakurudisha kwa mama yako." Nampenda yule binti, na huwa hatanii.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba tufunge kikao."

"Hoja nzuri sana. Iingizwe kwenye Mengineyo."

Basi akaitwa mtaalamu, kompyuta ya kwanta. Kwa kuwa haipendi joto, ukumbi ukageuka jokofu, wajumbe wakajitanda vitenge. Ilikaa kwenye viti vyote vitupu kwa pamoja, kama chembe za kwanta zifanyavyo, mpaka nilipoitazama. Ikabaki kwenye kimoja, imenuna.

"Hiki kikao kitaisha?" nikaiuliza.

"Ndugu yangu, hakuna mashine inayoweza kutazama kikao chochote kile ikajua kama kitaisha. Ilithibitishwa zamani."

"Si wanasema wewe una kasi?"

"Ninayo. Kompyuta ya ofisini kwenu ingeshindwa polepole. Mimi nashindwa upesi."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa usubiri. Kikiisha, umejua. Kisipoisha, endelea kukaa."

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kulitafakari jibu hilo. Mimi machozi yalinilengalenga.

Kemilembe anaingia. Viatu virefu vimemuumiza, anatafuta pa kukaa, anamkalia mwenyekiti. Sauti ikakatika katikati ya neno "aidha". Kikao kikaisha.

Niliamka natabasamu. Kwenye simu, katibu alikuwa ameandika katika kundi la kamati: "Kikao cha leo kimeahirishwa. Mwenyekiti ameamka mgongo unamuuma, anasema ni kama mtu aliyekaliwa."

Nikampigia Kemilembe, nikamsomea.

"Mpe pole," akasema. "Mimi nilidhani ni kiti."