Cheti cha Kokugonza

Asubuhi ya ukaguzi wa wachezaji, Odeta alikuwa ameketi kwenye nyasi za uwanja wa Butimba akizungushia plasta vidole viwili vya mkono wa kulia, kama afanyavyo kabla ya kila mechi. Midomo yake ilikuwa ikijikumbusha bila sauti: Kokugonza Rwehumbiza, mzaliwa wa Kiseke, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 2008. Ukweli ni kwamba alikuwa Odeta Ngosha wa Nyakato, mkata minofu ya sangara kiwandani, mwenye miaka ishirini kasoro miezi miwili. Mashindano yalikuwa ya mpira wa wavu kwa wasichana wasiozidi miaka kumi na minane, kutoka nchi sita.

Cheti kilikuwa cha marehemu. Kokugonza alikufa kwa malaria akiwa na miaka minane, akazikwa Muleba, kwenye shamba la migomba la babu yake. Mwalimu Privatus, kocha wa timu, alikiomba cheti hicho kwa mama wa mtoto, Mama Eugenia, ambaye anasali naye jumuiya moja. Alimwambia karatasi ikikaa sandukuni inaliwa na mende tu. Mama Eugenia akakitoa siku hiyohiyo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Mwalimu Privatus ilikuwa imeshapita mikoa minne na hakuna aliyemsimamisha.

"Kuna shule ya Kampala imeleta mtu," Mwalimu alimnong'oneza Odeta. "Wanamchukua mchezaji bora mmoja, wanamsomesha mpaka amalize. Ada, chakula, mpaka godoro. Wewe cheza, binti. Mengine niachie mimi."

Odeta aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipopooza. Tangu hapo alikuwa na hamu moja tu, na hakuificha wala kuipamba: alitaka kusoma, awe mpimaji wa maabara, avae koti jeupe lisilonuka samaki.

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba kutoka nje, mwenye miwani ya kamba. Alisoma majina polepole.

"Kokugonza Rwehumbiza."

"Nipo," alisema Odeta.

"Nipo," ilisema sauti nyingine nyuma yake.

Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta la shule la darasa la pili ambalo mikono yake iliishia kwenye viwiko. Visigino vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Muleba. Alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kwenye meli ya Bukoba. Alikuwa na miaka kumi na saba, kwa maana wafu nao hukua, ila hawanenepi.

"Nimesikia naitwa," alisema. "Tangu mwezi wa tatu, kila Jumamosi, naitwa tu. Nikaona si adabu kunyamaza."

Mkaguzi alitazama picha kwenye fomu, ambayo ilikuwa ya Odeta, kisha cheti, ambacho hakikuwa chake. Akauliza yupi ndiye. Mwalimu Privatus alijibu kwamba wote wawili ndiye, mmoja kwa jina na mwingine kwa sura. Mama yule akafungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele na nyuma, asione kifungu kinachokataza. Akaandika jezi namba saba, akaagiza wasiingie uwanjani kwa wakati mmoja, na akaita jina linalofuata.

Basi ikawa hivyo wiki nzima. Odeta alicheza, Kokugonza akakaa benchi. Aligawa maji na kuokota mipira. Mchezo hakuujua, maana darasa la pili walikuwa wakicheza rede. Lakini kila kipaza sauti kilipotangaza pointi ya Kokugonza Rwehumbiza, aliinuka kidogo na kupiga makofi kwa haya, kama mtu anayesifiwa mbele ya wageni. Na pointi zilikuwa nyingi. Odeta alipiga mpira kama mtu anayegonga mlango wa shule.

Siku ya pili Mama Eugenia alikuja na hotpoti la ndizi na maharage.

"Shikamoo, mama," alisema Kokugonza.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Aliwapakulia wote wawili. Kabla ya kula, Odeta aliuliza kwa nini alikitoa cheti kirahisi vile.

"Nilitaka nisikie akiitwa," alisema Mama Eugenia. "Tangu tumzike, hakuna mtu anayetaja jina lake mbele yangu. Wananionea huruma, wananyamaza. Mwalimu aliponiambia litasomwa kwa kipaza sauti, ningemnyima vipi?"

Odeta aliona aibu sana. Kisha aliona njaa, akala.

Jioni moja, wakikunja wavu, alimuuliza Kokugonza kama hakukasirika kuchukuliwa jina.

"Chukua tu, dada. Mimi sikulitumia sana." Akavuta pembe ya wavu. "Ila tulikuwa tumeanza kuzidisha. Tuliishia mara nne. Mara tano inakuwaje?"

Odeta akamfundisha mara tano, na mara sita pia.

Fainali waliwafunga Wakenya seti tatu kwa moja, na pointi ya mwisho aliipiga Odeta. Walipotangaza mchezaji bora, waliinuka wawili. Bwana Nathaniel, yule mtu wa shule ya Kampala, aliwaita pembeni na kuomba cheti halisi na sahihi ya mzazi. Cheti kilikuwepo. Mzazi naye alikuwepo, na kalamu mkononi. Kifo cha mtoto hakikuwahi kuandikishwa popote, kwa hiyo kiserikali Kokugonza alikuwa mzima wa afya.

"Na wewe ni nani?" Bwana Nathaniel alimuuliza Odeta.

Akitaja jina lake, kombe lingerudishwa na wenzake kumi na mmoja wangefungiwa naye. Alimtazama Mwalimu Privatus. Mwalimu alikuwa anatazama raba zake.

"Nilikuwa namsaidia," alisema Odeta.

Mwenyekiti wa mashindano alitaka kujua kama yule mwingine ataweza mpira. Bwana Nathaniel alisema mpira unafundishika, karatasi ndiyo ngumu. Akapiga muhuri.

Kokugonza aliondoka Jumatatu, ndani ya sweta jipya lililomfika mikononi. Basi lingepita Muleba, lakini safari hii asingeshuka. Mama Eugenia alilia kwa furaha na hakujificha.

"Nitakuandikia, dada," Kokugonza alimwambia Odeta dirishani. "Nikishajua kuandika vizuri."

Odeta alirudi kiwandani, kwenye gambuti nyeupe na kisu. Aliumia. Hakuweza kumchukia Kokugonza. Alimchukia Mwalimu Privatus kwa majuma mawili, na baadaye hata hilo likamchosha. Mwezi wa kumi na moja barua ilifika, yenye herufi kubwa zilizopanda na kushuka mstari. Ilisema kwamba ugali wa huko ni mlaini, wamefika mara kumi na mbili, na kila asubuhi anaitwa, anaitika. Odeta aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya viatu vyake vya Jumapili.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Januari, saa ya mapumziko, Mwalimu Privatus alikuwa amesimama kwenye geti la kiwanda na bahasha ya kaki.

"Habari za kazi, binti."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwezi wa sita kuna mashindano mengine. Safari hii shule ni ya Nairobi." Akatoa cheti. Kiliandikwa Selina Paulo, mzaliwa wa Sengerema, mwaka 2009.

"Alikufa lini?"

"Ni miaka sita sasa. Alizama ziwani."

"Atakuja?"

Mwalimu alifikiri kidogo, maana hakupenda kusema uongo pasipo ulazima.

"Akiitwa atakuja," alisema. "Wanakuja tu."

Odeta alijua itakavyokwisha. Alijua pia kwamba hapa duniani hakuna mwingine aliyekuja kwenye lile geti kumuulizia. Alijifuta magamba kwenye aproni, akakishika cheti kwa pembe kisilowe, na kukisoma: jina, tarehe, kijiji, mama. Akakisoma tena akiwa amefumba macho.

Kengele ikalia. Wakapanga foleni, na msimamizi akaanza kuita majina ya zamu ya mchana. Alipofika kwa Odeta Ngosha hakuna aliyeitika. Akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi, na mwenzake wa nyuma ikabidi amguse bega.