Mikono Iko Kazini

Mama Spana alifunga injini kwenye meza ya majaribio, akazungusha pangaboi kwa kidole, nayo ikawaka. Ilikuwa ndogo ya kutosha kiganjani, lakini kelele zake zilipenya hadi kwenye magego. Kiwanda kiliunda vindege vya kurusha kwa rimoti, vya watu wazima wenye nafasi zao. Kazi yake ilikuwa kuishikilia kila injini ikitetema, asikilize bolti ipi inalegea, kisha aikaze.

Kiwanda kiliuogopa sana mtetemo huo. Chini ya kila injini kiliweka mpira, kwenye kila bolti washa ya springi, na kwenye kila nati tone la gundi, maana bolti ikilegea angani injini hung'oka na kindege hakina chake tena. Mama Spana aliomba kipande cha mpira cha kuweka chini ya viwiko vyake. Meneja alisema mpira ni wa ndege. Alipoomba tena, akaambiwa apunguze maneno.

Basi siku moja baada ya chai, mkono wake wa kulia ulilegea kwenye kifundo, ukachomoka. Wa kushoto ulifuata kabla ya kengele ya kutoka. Hapakuwa na damu. Mpaka rangi wa meza ya jirani aliiokota, akairudisha mahali pake na kuikaza, wakaendelea na kazi. Yeye mwenyewe sikio lake moja lilikuwa limeshaanza kucheza.

Binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza, Mama Spana aliomba ruhusa. Alitaka ampakate mjukuu wake, basi, hakutaka kingine. Meneja alikubali upesi.

"Nenda mama, kapumzike," alisema. "Ila mikono utuachie. Oda ni nyingi, na yenyewe inaijua kazi."

Mtu mzima anaambiwa hivyo mchana kweupe, na anayemwambia anakoroga chai yake bila hata chembe ya haya. Lakini nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo. Mama Spana aliilaza mikono mezani juu ya kitambaa safi, ikachomoka, naye akaondoka.

Wako watu huona aibu kwenda kumwona mzazi mikono mitupu. Yeye alikwenda bila hata hiyo mitupu.

"Mama, mpokee mjukuu wako," binti alisema.

"Mikono iko kazini, mwanangu."

Binti alielewa. Mumewe mwenyewe alikuwa amelala sakafuni, mgongo wake ukiwa zamu ghalani. Binti alimlaza mtoto mapajani mwa bibi yake. Bibi akamnusa utosini, akalia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko furaha.

Aliporudi kazini, mpaka rangi alimsimulia. Alasiri ileile mtoto alipolazwa mapajani mwake, mikono iliweka spana chini, ikajikunja pamoja kama ya mtu anayepokea kichanga, ikawa inabembeleza hewa. Meneja alipita, akaiona haina kitu, akaiwekea injini.