Namba ya Weldon

Foleni ya kupima majani chai pale Sosiot ilikuwa imetoka nje ya kibanda. Janeffer alisimama katikati yake, kikapu miguuni, kitabu mkononi. Alikinunua kwa Wilkista, ambaye zamani aliuza sweta za mitumba tu. Siku hizi sweta zinaoza, vitabu vya wauaji vinaisha. Wanawake wa Sosiot ukiwauliza, watakwambia wanapenda ule wasiwasi. Wakiwa peke yao husema kweli: wanapenda kwa sababu mwishoni mume hushikwa.

"Soma kwa sauti, Mama Fancy," Rodah alisema nyuma yake.

Janeffer alisoma mahali mpelelezi anapanda ngazi. Badala ya kupanda, mpelelezi akashuka. Alitua katikati ya vikapu, mwanamke mrefu, koti likitiririka mvua ya kitabuni, ingawa Sosiot jua lilikuwa linawaka.

"Usikanyage majani," alisema Benard, karani wa mizani.

Rodah alimwonyesha mwisho wa foleni ulipo. Mgeni ni mgeni lakini foleni ni foleni. Baadaye Janeffer alimpeleka kwake, akampa chai.

Weldon, mume wa Janeffer, alirudi akaonja kikombe chake. "Chai ya leo ni damu kabisa!"

Alimaanisha tamu. Wakipsigis wengi hutamka t kama d, na hakuna aliyewahi kudhurika. Lakini mpelelezi aliruka, akakinusa kile kikombe, akaanza maswali.

"Nani huchuma chai hii?"

"Mama Fancy."

"Nani hupalilia?"

"Si ni yeye tu."

"Namba ya mkulima, ile ya kulipiwa majani, ni ya nani?"

"Yangu."

"Na bonasi ya mwisho wa mwaka?"

Weldon aliangalia dari. "Bonasi ni ya nyumba. Na mwenye nyumba ni mimi."

Janeffer alifurahi mpaka akamwaga maziwa. Tangu aolewe alikuwa akiomba mistari miwili tu ya michai na namba yake mwenyewe. Leo, jamani, suala lake lilikuwa limepata mtu wa kazi.

Kesho yake mpelelezi alisimama mbele ya foleni, akakohoa. "Nimempata," alisema. "Ni mume."

Alingoja watu wazirai. Kule kwao huzirai.

"Kwani ulikuwa unatafuta nini?" Rodah aliuliza. "Hiyo hata kuku wanajua."

"Na namba mpya haitoki bila sahihi ya mwenye shamba," Benard aliongeza, bila kuinua kichwa.

Mwenye shamba alikuwa Weldon. Aliombwa sahihi kwa heshima, akasema atafikiria baada ya bonasi.

Mpelelezi alitaka kurudi kitabuni, lakini Rodah alikuwa amekiazima, na dada yake Rodah alikuwa ameenda nacho Ndanai. Na anayekula hufanya kazi. Alitundika koti, akafunga leso, akafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, tusimnyime sifa.

Ijumaa alifikisha kikapu chake kwenye mizani.

"Namba ya nani?" Benard aliuliza.

Mpelelezi alimtazama Janeffer. Janeffer alikuwa anatazama kitabu kingine, kipya, ukurasa wa kwanza.

"Ya Weldon," mpelelezi alisema.

Jioni Weldon alionja chai. "Ni damu," alisema, ameridhika.

Mpelelezi aliangalia vidole vyake, vilivyopasuka kwa kuchuma, akasema ndiyo, ni damu.